Fyuzi Mbili Mfukoni

Mambo haya mke wangu bado ananikataza kuyasimulia mbele ya wageni, lakini ninyi ni wenzangu, na mimi nimechoka kuyaficha. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nakwenda kufanya mtihani wa leseni ya fundi mkuu wa umeme kwa mara ya tatu. Mchana nilikuwa nafunga nyaya Ruiru, jioni nasoma na mafundi wenzangu wanne, na kwa kuwa napenda kueleza, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao. (Wote wanne walipita kabla yangu.) Somo langu kuu lilikuwa hili: ukikata stima, toa fyuzi uitie mfukoni mwako, ili mtu asije akairudisha ukiwa bado umeshika waya.

Siku yenyewe, Jumamosi, nikaamua nipitie kanisa letu la Gitothua nijaribu mkono mara ya mwisho, maana bodi ya stima ya pale niliifunga mwenyewe na ufunguo nilikuwa nao. Nikatoa fyuzi kubwa, nikaitia mfukoni, nikapima nyaya moja moja, hazina stima, nikaridhika, nikatazama saa, nikakimbilia gari la Thika.

Huko Thika msimamizi, mzee mpole wa miwani, akanionyesha bodi ya mtihani. Nikatoa fyuzi kama ninavyofundisha, nikaitia mfukoni, ikagongana na kitu kigumu humo ndani.

"Hebu toa vyote," akasema.

Nikatoa fyuzi mbili.

"Moja ni ya hapa. Hii nyingine?"

Nikamweleza polepole (hata hapo nilieleza vizuri), mpaka nikafika mahali pa kusema kwamba kanisani kulikuwa na harusi saa tano. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasorobo.

"Enda urudishie watu stima, fundi. Mtihani utaukuta mwaka ujao."

Nilipofika, kinanda kilikuwa kimya, pasta sauti imemkauka kwa kupaza, bibi harusi anajipepea na kadi. Namba ya mtihani nilikuwa nimesahau kuibandua kifuani. Pasta akaiona, akawatangazia watu kwamba fundi ameacha mtihani wake aje awasaidie, na kanisa zima likanipigia makofi. Nami, Mungu anisamehe, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikaenda kwenye bodi. Stima ikarudi mara moja. Pasta alikuwa amenifuata na mikrofoni mkononi ili anishukuru, na shangazi wa bibi harusi yuko nyuma yake.

"Baba Njeri," shangazi akauliza, "hiyo fyuzi umeitoa wapi?"

"Mfukoni," nikajibu, na mikrofoni ikalipeleka neno hilo mpaka viti vya nyuma.

Leseni niliipata mwaka uliofuata. Vijana nawafundisha vilevile, fyuzi mfukoni, ila nimeongeza jambo moja: kabla hujaitoa, vua kiatu kimoja ukiache chini ya bodi. Wananicheka. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Thika na kiatu kimoja.