Klorini na Maji ya Kijani

Alilitunza bwawa la kuogelea la hoteli tangu ndevu zake zikiwa nyeusi mpaka zilipobaki nyeusi mbili tatu. Wapishi walimwita Klorini, kwa kuwa alinukia dawa hiyo ya bwawa hata siku ya harusi ya binti yake. Kazi yake ilikuwa moja: maji yasigeuke kijani. Kila asubuhi alichovya karatasi ya kupimia, akaongeza dawa au asidi kidogo, kisha akasugua kuta kwa brashi. Utando wa kijani aliuchukia kama mwizi anayemjua kwa jina.

Hoteli ilipouzwa, bwawa lilifukiwa. Klorini akakaa nyumbani, akawa anapiga deki vyumba ambavyo mkewe ameshavipiga deki.

"Mume wangu," mkewe akasema, "ama utafute kazi, ama nitafute mume asiyejua brashi."

Kazi aliyoipata ilikuwa kichekesho. Nyuma ya kiwanda cha zamani cha nguo, chini ya paa la plastiki angavu, kulikuwa na matangi mapana ya maji ya kijani yaliyokolea kama rangi ya mlango. Humo walikuza spirulina, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani ya miti. Walichujwa, wakakaushwa, wakasagwa kuwa unga wa lishe.

"Shikamoo, baba," alisema msimamizi, mwanamke wa umri wa binti yake. "Nasikia unayajua maji."

"Marahaba. Najua kuyaua yakiwa hivi."

"Hapa utayalea."

Akamweleza kuwa maji yale yametiwa magadi, ni ya alkali, kinyume cha asidi. Viumbe wengi hawayawezi, lakini spirulina hunawiri humo, na kaboni ya kutengenezea chakula huipata humohumo. Kipimo, ambacho hupanda kadiri alkali inavyozidi, kisomeke karibu na kumi. Klorini, aliyezoea saba na kitu, aliitikia kwa kichwa.

Jua lilipokuwa kali, msimamizi akasafiri kwenda kumuuguza mama yake. Tangi la mwisho likaanza kupauka, likaelekea njano. Klorini akapima: kumi na moja na zaidi. Hajawahi kuiona namba hiyo maishani mwake. Simu ilikuwa mfukoni, lakini mkono ulikwenda kwenye dumu la asidi ya kuoshea mabomba. Alipomimina, maji yakatoa povu kama soda iliyotikiswa. Akamimina tena. Kipimo kilipofika nane, moyo wake ukatulia. Mazoea yana taabu.

Baada ya siku kadhaa tangi likarudi kijani, naye akatembea kifua mbele. Msimamizi aliporudi alichota tone, akaliweka chini ya hadubini. Kisha akamwita aangalie. Spirulina ni nyuzi zilizojipinda kama springi. Yeye aliona viduara vimejaa tele, na springi chache zilizokatika.

"Hawa ni nani?"

"Mwani wa kawaida, baba. Alkali ndiyo iliyokuwa ikiwazuia mlangoni."

"Lakini wetu walikuwa wanakufa!" Klorini akamweleza asidi aliyomimina na povu lililotoka.

"Walikuwa na njaa. Jua likiwaka wanakula kaboni haraka, na kadiri wanavyoila, ndivyo maji yanavyozidi kuwa alkali. Ikipita kiasi, kaboni inayobaki inageuka kuwa ya namna wasiyoweza kuila. Chakula kipo, kabati limefungwa. Dawa ni kupuliza kaboni dioksaidi polepole. Lile povu uliloliona, ndicho chakula chenyewe kilichokuwa kinapotelea hewani."

Klorini akafuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa mikavu. "Kwa hiyo nimemwaga unga?"

"Umemwaga tangi. Unga bado."

Klorini hakucheka. Alilisugua tangi lile peke yake, akalijaza maji mapya na magadi, wakapanda mbegu, ndoo chache za maji ya kijani kutoka tangi la jirani. Jioni alimsimulia mkewe yote bila kujipunguzia kosa. Mkewe alisikiliza, akamwekea chakula, akasema, "Wewe ulikuwa hujui. Sasa unajua. Kula."

Tangi lilichukua wiki kadhaa kukolea. Jua lilipokaza tena, kipimo kikaanza kupanda. Klorini akaenda mpaka mlango wa ofisi na kumwita msimamizi, kisha akafungua mtungi wa kaboni dioksaidi kidogo tu, kama alivyoelekezwa. Mapovu madogo yakapanda kwenye maji. Kufikia alasiri kipimo kilikuwa kimeshuka karibu na kumi.

"Umeanza kuwapenda?" msimamizi akamuuliza.

"Kuwapenda, hapana," akajibu, akikaza koki. "Lakini nimewaelewa."