Majike Wawili Kwenye Tangi Langu

Simwamini muuza samaki. Simwamini fundi simu wala muuza mkaa pia, lakini muuza samaki wa mapambo nimemweka kwenye fungu lake peke yake, maana anakuuzia kitu ambacho huwezi kukionja.

Wa kwangu yuko Mwanza. Nilimwambia nataka oska wawili, dume na jike. Oska ni jamaa wa sato, ila asili yake Amerika ya Kusini: mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, anakua hadi kujaa sahani ya ugali, na kila kinachoenea mdomoni mwake ni chakula. Ndiyo maana humchanganyi na visamaki vidogo. Tangi langu la kioo lina ukubwa wa kabati lililolazwa, na hata hivyo nilitaka wawili tu, wakubwa, wanaopatana. Wageni wangu hapa Mugumu wakiwaona huuliza swali moja: wanaliwa lini?

"Dume na jike, nakuapia," alisema muuzaji. Nikawageuzageuza ndani ya mfuko wa plastiki, nikakagua macho, mapezi, na kichwa kama kina vidonda. Walikuwa wazima. Kumjua dume kwa kumtazama tu ni vigumu mno kwa oska, na yeye alijua kwamba najua. Nikawachukua, lakini roho ilikataa.

Wakapatana kweli. Wakasafisha jiwe kwa midomo, wakataga, wakayapepea mayai kwa mapezi. Mayai yakageuka meupe, yakaoza. Wakataga tena, yakaoza tena. Nikaanza kumshuku kila mtu. Nilimshuku mke wangu, ambaye ni muuguzi na hawezi kupita mahali bila kupangusa kwa dawa. Nilishuku umeme unaokatika na kuzima pampu ya hewa. Nilimshuku mama jirani anayekuja kuomba chumvi, kisha anasimama mbele ya kioo akitabasamu.

"Utashuku mpaka maji," mke wangu akaniambia.

Jumapili moja nikavuta kiti, nikakaa mbele ya tangi kulinda. Akataga wa kwanza, safu kwa safu, akasogea pembeni. Akaja wa pili, yule niliyeapiwa kuwa ni dume, naye akataga juu ya jiwe lilelile.

Nilimpigia muuzaji simu nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akacheka, akasema atapakia madume wawili kwenye basi, nichague mmoja na mwingine nimrudishe.

Wiki hiyohiyo bibi na mama walikuja kunitembelea kutoka Itiryo. Hapa lazima nieleze. Bibi huyu hakumzaa mama yangu, wala hakumzaa baba yangu. Ni mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe, akamwoa mama yangu, kama desturi yetu Wakurya inavyoruhusu. Tunaiita nyumba ntobhu. Mama akanizaa, nikawa mtoto wa boma la bibi, na mwanamume aliyehusika hakutajwa. Sikunyimwa kitu. Lakini tangu utotoni nimekuwa nikichunguza wanaume. Mpaka leo nikikutana na mzee wa kwetu mwenye masikio makubwa kama yangu, nampa shikamoo yake halafu namkodolea macho hadi anageuka. Nilitamani kumjua baba yangu, na sikuwahi kuuliza, kwa kuwa niliogopa bibi angedhani boma lake halikunitosha.

Bibi alipofika alinusa maziwa kabla ya kunywa, akauliza nani kayakamua. Mimi nilikuwa nimetoka stendi na mifuko ya samaki, hasira bado imenijaa.

"Watu hawana haya!" nikasema. "Kaniuzia majike wawili. Watazaaje?"

Mama akatazama kikombe chake. Nikaona aibu hadi masikio yakawaka.

Bibi ndiye aliyecheka. "Sasa mura, shida iko wapi? Si utafute dume?"

"Nimeletewa, bibi. Wako wawili, nichague mmoja."

Akainuka, akasogelea mifuko. Mmoja alikuwa mkubwa, anaupiga mfuko kwa kichwa kila mtu akikaribia. Mwingine alikuwa mdogo kidogo, ametulia, anafuata kidole kwa macho.

"Chukua huyu mkubwa," bibi akasema.

"Huyo mtulivu," mama akasema.

Bibi akaguna. "Hata siku zile ulifanya hivyohivyo. Nilikuonyesha yule mrefu, ukamkataa."

Nikaukumbatia mfuko nisije nikaudondosha. "Akamchukua nani?"

Bibi akamwangalia mama. Mama hakuinua macho kutoka kwa samaki.

"Mtu asiye na maneno," mama akasema. "Ukimwambia usije, haji. Alishafariki, mwanangu, wewe ukiwa bado mgongoni."

"Nimefanana naye?"

Akanitazama, akanitazama tena. "Masikio tu. Yule aliamini kila mtu. Mnadani alikuwa akinunua ng'ombe mgonjwa kwa sababu muuzaji ameapa."

Nililia palepale, mtu mzima mwenye mfuko wa samaki mikononi. Nililia kwa huzuni ya kumpata na kumkosa kwa pamoja, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Baadaye nikaligawa tangi kwa wavu, nikamweka yule mtulivu upande wake, wazoeane kwanza. Bibi akaja, mikono nyuma, akainama mbele ya kioo.

"Nani kasema huyu ni dume?"

"Muuzaji."

"Na wewe umeamini?"

"Hapana, bibi."

"Vizuri," akasema, akavuta kiti akakaa. Nami nikavuta changu.

Mama alitukuta hivyo, shingo zetu zimelalia upande mmoja, macho tumeyafinya, tunamtazama samaki wa watu.

"Mtu na bibi yake," akasema, akarudi jikoni.