Ulimi wa Maliro

Mkulima wa Alimbongo akileta Butembo magome ya kinkina, mti wa dawa ya malaria, hakuyapeleka kwanza kwenye mizani. Aliyapeleka kwenye ulimi wa Maliro. Mzee alivunja kipande kwa vidole, akakitia mdomoni, akafumba macho na kutafuna taratibu huku watu wote wakiwa kimya kama wako kanisani. Gome likiwa chungu sawasawa alisema, "Iko." Likiwa hafifu alisema, "Hapana," na mkulima akafunga mzigo wake bila ubishi.

Kabla ya hapo Maliro alikuwa muuza dawa tu. Alikuwa na duka dogo mtaani Bulengera, na kwa miaka mingi aliuza vidonge vilivyotengenezwa mbali, na watu asiowajua. Kisha vita vikafunga barabara, vidonge vya malaria vikaadimika, na watoto wakawa wanazikwa kwa homa ambayo dawa yake inaota milimani kwao wenyewe. Jambo hilo lilimkera mpaka akakosa usingizi. Akajenga banda la mabati nyuma ya duka, akaweka mapipa matatu, akaajiri wanawake sita wa kuanika na kutwanga magome. Dawa ilichujwa, ikachemshwa, ikatiwa asali kidogo kwa ajili ya watoto, ikafungwa katika chupa zenye karatasi iliyoandikwa jina lake. Hata na asali hiyo, ilikuwa chungu ajabu. Mjukuu wake Abigaïl, mtoto wa binti yake Tamar, alikuwa akikiona kijiko tu analia hadi majirani wanakuja kuuliza kuna nini.

Barabara ikafunguliwa, vidonge vikarudi, lakini watu hawakuiacha dawa ya Maliro. Kuanzia Alimbongo hadi Beni waliiamini. Pale bandani hakuna aliyethubutu kuonja baada ya mzee, ingekuwa kumtukana.

Mwaka jana, msimu wa mvua, Maliro alishikwa na mafua mabaya. Alipopona, asubuhi moja aliketi na mkewe Kavira kunywa chai.

"Leo hukutia sukari," alisema.

Kavira alimtazama. "Nilitia. Bijiko bitatu, kama siku yote."

Maliro alisukuma kikombe pembeni. Mchana alitafuna chumvi, akatafuna pilipili, na mwisho akaingia bandani peke yake akatafuna gome la kinkina. Alihisi nyuzi za gome kwenye meno, basi. Uchungu alioishi nao miaka yote hiyo ulikuwa umemkimbia, na hofu ilimshika kiasi kwamba alikaa chini palepale sakafuni.

Kavira alimsihi. "Baba Tamar, waambie batu. Acha wale bamama baonje. Ni haya gani?"

"Batu hawanunue chupa," alijibu. "Banajinunulia ulimi yangu. Nikisema imekufa, kila kitu imekwisha. Itarudia tu."

Haikurudi. Na yeye, mtu aliyewafukuza wauzaji wengi kwa gome moja hafifu, akaanza kuigiza. Alivunja, akatafuna, akafumba macho kama zamani, lakini sasa alikuwa akikisia kwa rangi ya gome na kwa uso wa muuzaji. Miezi ikapita, hakuna kilichoharibika, naye akajidanganya kwamba jicho linatosha.

Ndipo akaja Jephté wa Alimbongo na magunia manne. Jephté alikuwa mkulima mwaminifu, na siku hiyo hakuficha neno.

"Muzee, hii sijue vizuri," alisema. "Miti yangu ilikwisha, nikachanganya na ya jirani. Ni michanga kidogo. Onja. Kama ni mubaya, nitarudia nayo, hapana mashaka."

Maliro angesema hapana, mambo yangeishia hapo. Lakini gome lilikuwa na rangi nzuri, nyekundu ndani, na uso wa Jephté haukuwa wa mwizi. Maliro alitafuna, akafumba macho.

"Iko," alisema.

Jephté alicheka kwa furaha, akamshukuru Mungu.

Chupa za kwanza za mzigo huo Maliro alimtumia Tamar, aliyeolewa na mchuuzi wa samaki kule Kyavinyonge, kando ya ziwa, ambako mbu hawana huruma. Wiki tatu baadaye simu ililia. Abigaïl amefariki. Alikuwa na miaka minne.

Kwenye kilio, wanawake wakiwa wameketi chini kwenye mikeka, Tamar alimsogelea baba yake akamshika mkono. Alitaka kumfariji, masikini.

"Papa, usiseme dawa yako ilishindwa. Nilimupa siku tatu, vile ulinifundishaka. Sikumupeleka hata centre de santé, kwa daktari, nilisema dawa ya papa iko. Na tena, weye hukumuona! Mara hii hakulia hata kidogo. Alikunywa yote, akalamba na kijiko. Mutoto alikuwa na roho muzuri."

Wanawake waliitikia kwa kulia. Maliro hakulia. Akilini alimwona Abigaïl, aliyekuwa akikililia kijiko hicho, sasa akikilamba.

Angeweza kunyamaza. Pale hapakuwa na mtu wa kumshuku, na binti yake mwenyewe alikuwa amempa pa kujificha.

"Lete ile chupa," alisema.

Tamar aliileta. Ilikuwa imebaki robo. Maliro akamwambia aonje, naye akamwaga kidogo kiganjani, akaramba.

"Unasikia nini?"

"Asali," alisema Tamar. Akaramba tena, na uso wake ukaanza kubadilika. "Papa, ni asali tu. Na weye?"

"Miye sisikie kitu. Ni mwaka sasa. Ulimi yangu ilikufa, nikawaficha."

Tamar aliiweka chupa chini mbele ya baba yake, akainuka, akaenda kuketi upande wa wanawake. Hakumgeukia tena mpaka msiba ulipokwisha.

Maliro alirudi Butembo akafunga banda. Kisha akapanda pikipiki kila siku, duka kwa duka, nyumba kwa nyumba, kukusanya chupa zile. Huko Beni alimkuta mama mmoja mlangoni, chupa mkononi, na ndani mtoto akitetemeka chini ya kitenge.

"Mama, nipe hiyo dawa. Ni mubaya."

"Mubaya?" Mama aliificha mgongoni. "Hii ni ya Maliro mwenyewe. Weye muzee unataka kuniibia?"

"Maliro ni miye."

Mama alicheka kwa dharau. "Maliro hawezi kuuza dawa mubaya. Batu bote banajua, anaonjaka kwa ulimi yake."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, yale aliyoshindwa kuyatoa Kyavinyonge. Alipiga magoti kwenye udongo wa mlango wa watu asiowajua, akalia kwa sauti, akilitaja jina la Abigaïl. Mama akamtupia chupa mapajani, akaingia ndani, akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka mbiombio kuelekea kituo cha afya, bila kuaga.

Maliro alibaki amepiga magoti, ameishika chupa yenye jina lake.