Kioo Cheusi na Shamba Lililong'aa

Mtu yule aliingia studio ya mjomba akiwa na mkoba wa turubai na swali moja: chumba chetu cha giza kilikuwa na giza kamili, au giza la kupapasa tu? Mjomba alimtazama viatu kwanza, kisha mkoba, ndipo akamjibu kwamba giza ni giza. Mgeni akasema kwa upole kwamba filamu zake haziwezi kutolewa kwenye kopo hata kivulini. Upenyo wa mlango unaoacha uzi mmoja wa mwanga ungeziunguza zote.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya kaunta nikikata picha za vitambulisho. Mjomba alinitupia jicho ambalo nililijua. Maana yake ilikuwa: mchunguze huyu.

Miaka ile maduka ya Same yalikuwa yameanza kujaa tena sabuni na sukari baada ya miaka ya foleni, na pamoja na bidhaa walikuja watu ambao hatukujua wanatafuta nini. Wengine waliuliza habari za mawe ya thamani. Wengine walizunguka mashamba ya katani na kuuliza mipaka, ingawa hakuna aliyekuwa ametangaza kwamba yanauzwa. Kila gari geni lililosimama kwenye barabara kuu lilihesabiwa kuwa limekuja kuchukua kitu. Huyu alijitambulisha kuwa mtaalamu wa udongo na misitu kutoka Morogoro, aliyetumwa na mradi mmoja wa maji kutazama mifereji ya milimani. Alikuwa na barua yenye mhuri. Mjomba aliisoma mara mbili, akaigeuza na kusoma mgongo wake usio na maandishi.

"Mhuri anaweza kuuchonga mtu yeyote," aliniambia mgeni alipotoka. Hata hivyo alimkubalia, kwa sharti kwamba mimi niwe naye kila anapoingia chumba cha giza.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi ile, kwa kutumwa kumpeleleza mwalimu wangu.

Alikuwa na kamera mbili zilizofanana kama mapacha, ila moja ilikuwa imefanyiwa ufundi. Kile kidirisha cha mgongoni cha kusomea aina ya filamu kilikuwa kimezibwa kwa bati na gundi nyeusi. Sifongo za mlangoni zilikuwa mpya. Kwenye lenzi, kando ya alama ya kawaida, fundi alikuwa amekwaruza mstari mwekundu. Nilipouliza ni wa nini, alinieleza kwamba filamu hii inapokea mwanga ambao jicho haliuoni, mwanga wa infraredi, nao haukutani ndani ya lenzi mahali pale pale unapokutana ule wa kawaida. Ukishalenga kwa jicho, lazima usogeze lenzi kidogo hadi kwenye mstari mwekundu, la sivyo picha itatoka na ukungu.

Kisha akatoa vioo vya kuvisha mbele ya lenzi. Kimoja kilikuwa chekundu kama soda ya zabibu. Cha pili kilikuwa cheusi kabisa. Nilikiweka jichoni nikageukia dirisha, sikuona kitu.

"Mbona hiki hakipitishi mwanga?"

"Kinapitisha. Kinazuia ule unaouona wewe."

Jibu hilo halikunituliza. Jioni nilimpelekea mjomba kama lilivyo, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichotarajia.

Jaribio la kwanza tulilifanya uani. Alifunga kamera kwenye miguu mitatu, akalenga, akavisha kioo cheusi, akaniambia nisimame tuli kando ya mpapai. Tulipoisafisha filamu na kuchapa picha, mpapai ulikuwa mweupe kama umemwagiwa unga, na mbingu nyeusi kama masizi. Nami nilikuwa nimevaa nguo nyeupe, ingawa siku ile nilivaa sketi nyeusi ya tetroni. Mjomba aliisogeza picha ile karibu na dirisha.

"Sketi yako imekwenda wapi?"

"Ni rangi yake tu," mgeni alieleza. "Rangi nyingine za kiwandani ni nyeusi kwa macho, lakini kwa mwanga huu zinang'aa."

"Leo rangi," alisema mjomba. "Kesho nguo yenyewe."

Kabla ya Ijumaa habari zilikuwa zimefika sokoni kwamba studioni kwetu kuna kamera inayovua watu nguo. Akina mama waliokuwa wakipita mbele ya mlango wetu wakaanza kupita ng'ambo ya barabara.

Mgeni alihitaji mtu wa kumpeleka kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Myamba, gari linapoishia, kwa kuwa mifereji yetu ilikuwa kwenye orodha yake na hakujua Kichasu, lugha yetu. Mjomba alinituma mimi. Kule milimani tunategemea ndiva, yaani bwawa la kuchimba linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, kisha asubuhi linafunguliwa na maji yanashuka kwa zamu shamba hadi shamba. Kiangazi kile ndiva lilikuwa likijaa kwa shida, na hata siku lilipojaa, mashamba ya chini yalipata matope tu. Kila mtu alikuwa na jina mdomoni la mwizi wa maji, na majina yalibadilika kila wiki.

Baba alikuwa mmoja wa wanakamati wa maji. Tulimkuta akinoa jembe.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Huyu ndiye mwenye ile kamera?"

Habari zilikuwa zimepanda mlima kabla yetu. Baba alimpokea mgeni kwa heshima, akampa kigoda na uji, kisha akamuuliza maswali kama ya polisi. Picha zinakwenda wapi? Nani atakayeziona? Je, kinachoonekana ni majani tu, au na vilivyo chini ya ardhi? Mgeni alijibu kila swali: jani lenye afya hurudisha mwanga huu kwa wingi na kutoka jeupe pichani. Jani lenye kiu hurudisha kidogo, likatoka kijivu, hata kama kwa macho bado ni kijani. Vilivyo chini ya ardhi kamera haivijui.

"Tutaona," baba akasema.

Tulipiga kutoka jiwe kubwa la mgongo wa mlima wa ng'ambo, ambako mteremko wetu wote unaonekana. Nilimfunika kwa kitenge wakati akibadilisha filamu ndani ya mfuko mweusi. Watu walisimama mashambani wakatutazama. Hakuna aliyepunga mkono.

Picha ile tuliichapa Same. Ndiva lilitoka jeusi kama wino. Mashamba yalikuwa kijivu, yakififia kadiri yanavyoshuka. Katikati yake kulikuwa na shamba moja jeupe, lenye kingo kali kama shuka lililoanikwa. Nililitambua mara moja. Lilikuwa la mama mmoja wa kutoka Kigoma.

Alikuja tambarare akiwa msichana, wazazi wake wakikata mkonge, akaolewa na mtu wa kwetu, na mume alipokufa alibaki na shamba na watoto wawili. Alikuwa amekaa kijijini miaka mingi kuliko umri wangu, lakini watu bado walimwita mama wa mkonge.

Mgeni alinitazama nikitazama.

"Usimwonyeshe mtu," alisema. "Picha moja haisemi kitu. Shamba linaweza kung'aa kwa sababu nyingi. Tunahitaji ya pili."

Kisha akaitwa arudi Morogoro kwa majuma kadhaa. Akaniachia kamera iliyofanyiwa ufundi, kioo cheusi na filamu moja, nipige tena kutoka jiwe lile lile mwezi ukiisha. Kwa kuwa chumba chetu kilikuwa cha moto, filamu niliiweka ndani ya mfuko wa plastiki na kuitumbukiza kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Mjomba hakunywa tena maji ya mtungi ule.

Siku chache baadaye baba alishuka Same kununua dawa ya ng'ombe. Alikaa studioni bila kuvua kofia. Akaniambia kwamba watu wanasema binti yake amemleta mtu wa kuuza mlima, na kwamba mama yangu kanisani anaachiwa benchi peke yake. Sikutaka kusikia zaidi. Nilitaka ajue kwamba kazi yetu ilikuwa ya kweli na ina faida. Nilifungua droo nikamwekea picha mbele yake.

Hakuuliza shamba jeupe ni la nani. Aliweka kidole juu yake, kisha akaiingiza picha ndani ya koti.

"Baba, mtaalamu alisema tusubiri."

"Wenye mashamba makavu wamesubiri vya kutosha."

Ningeweza kuing'ang'ania. Sikufanya hivyo, na nisijidanganye kuhusu sababu: kulikuwa na sehemu ya moyo wangu iliyofurahi kuaminiwa.

Kikao cha maji kilifanyika kijijini Jumapili baada ya ibada, nami nikaitwa kueleza. Baba aliinua picha, ikapita mkono kwa mkono. Watu walewale walioiogopa kamera wiki iliyotangulia sasa waliiamini kuliko macho yao. Nilieleza habari ya jani jeupe na jani la kijivu. Sikueleza maneno ya mtaalamu kwamba picha moja haisemi kitu.

Yule mama alisimama. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu," aliniambia, "hiyo picha inaonyesha mkono wangu ukifungua mfereji?"

"Hapana, mama."

"Inaonyesha jembe langu?"

"Hapana."

"Basi inaonyesha nini?"

Nilisema inaonyesha mahindi yake yana maji. Akasema hilo hata yeye analijua, na hajui yanatoka wapi, naye alidhani ni Mungu. Mtu mmoja akacheka. Kamati ikaamua anyimwe zamu mpaka mvua, na mdomo wa mfereji wake ukazibwa kwa mawe na udongo siku ile ile. Baba ndiye aliyekandamiza udongo kwa mguu.

Mwezi ulipoisha nilirudi juu na kamera. Nilipanda jiwe peke yangu, nikafunga miguu mitatu, nikalenga, nikasogeza lenzi hadi mstari mwekundu, nikavisha kioo cheusi. Niliimaliza filamu nzima, maana sikujiamini. Niliisafisha na kuichapa Same.

Mashamba yalikuwa yamekuwa meusi zaidi. La yule mama lilikuwa jeupe vilevile, na mdomo wake wa mfereji ulikuwa umezibwa karibu majuma matatu.

Nilichukua kioo cha kukuzia. Kutoka kwenye ukuta wa ndiva, ukikatiza nyasi za malisho ambamo hamkuwa na mfereji wowote, ulishuka mstari mwembamba mweupe mpaka kwenye kona ya shamba lake. Kwa macho, nyasi zile zote zilikuwa zimekauka rangi moja. Nilitafuta picha ya kwanza kichwani mwangu, nikakumbuka kwamba mstari ulikuwepo hata pale. Nilikuwa nimetazama shamba tu.

Nilimpelekea baba picha mlimani, hakuniamini. Aliziweka picha mbili pamoja, akauliza kama si mimi niliyeuchora mstari ule katika chumba cha giza, kwa kumhurumia mama wa watu. Swali lile liliniuma kuliko kofi. Lakini nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba picha ni kitu cha kuaminiwa au kukataliwa kwa jinsi unavyopenda.

"Tusibishane juu ya karatasi," nikamwambia. "Twende na jembe."

Tulikwenda sisi wawili. Nilimwelekeza kwa kufuata picha, hatua kwa hatua kwenye malisho. Kwenye pigo la nne jembe lilitoka na udongo mweusi, na shimo likaanza kujaa maji polepole. Tulipanda mpaka ndiva. Chini ya ukuta, ndani ya magugu, panya buku walikuwa wamechimba, na maji yalikuwa yakipotea chini kwa chini. Baba alichuchumaa, amenipa mgongo, akaanza kung'oa magugu.

Msaragambo uliitishwa, kila nyumba ikatoa mtu na jembe, na ukuta ukajengwa upya kwa mawe na mfinyanzi. Yule mama alikuja kubeba mawe kama wengine. Baba alimwendea mbele ya watu, akamwambia zamu yake imerudi kuanzia kesho. Yeye akajibu, "Haya, baba," akaendelea kubeba.

Mashimo ya panya yalipozibwa, mashamba ya chini yakapata maji, na shamba lake likakauka kama yale yalivyokuwa. Alipata zamu yake moja kwa juma, nayo haikutosha mahindi yaliyozoea kunywa kila siku. Msimu uliofuata alishuka Ndungu, huko tambarare, kukodi jaruba la mpunga, akamwachia shemeji yake shamba la juu.

Mtaalamu aliporudi nilimwambia yote. Hakunikaripia. Alizikagua picha zote mbili, akaninyooshea mkono nimrudishie kamera, na safari zilizofuata milimani alichukua mtu mwingine wa kumwongoza.

Nilikutana na yule mama mara moja tu baada ya hapo, alipokuja Same kupiga picha ya kitambulisho. Mjomba alikuwa nje, kwa hiyo mpiga picha nilikuwa mimi. Nilimwamkia, akaitikia. Nilimwonyesha kiti. Alikaa akatazama lenzi, kisha akaniuliza ni kamera gani. Nikasema ni ya kawaida. Aliinuka, akaja upande wangu, akainama akachungulia yeye mwenyewe, akiangalia kiti kitupu na pazia la bluu. Alipotosheka alirudi kukaa.

Nilitaka kumwomba radhi wakati ule, na maneno nilikuwa nayo. Lakini alikuwa amekwisha kaza uso kwa ajili ya picha, nami nikapiga.