Shule Yetu na Mahindi Yao

Wiki iliyopita vijana walikuwa wakipaka chokaa ukumbi wa kanisa letu hapa Mabanga. Nilipita nikielekea posho mill kusaga mahindi, harufu ya chokaa mbichi ikanipata kabla sijauona ukumbi. Ni harufu ya baridi, inayokauka puani na kuacha kitu kama vumbi kwenye ulimi. Watu wengine wakiinusa hufikiria Krismasi na harusi. Mimi nilisimama pale barabarani na kukuta nimeuma meno, na mkono umekaza kamba ya kiondo mpaka vidole vimeuma. Mjukuu wangu akaniuliza, "Kukhu, ni nini?" Nikamwambia twende. Jambo lenyewe si la kueleza njiani. Ninyi mnaosoma mmeketi, na mimi nimeketi, kwa hiyo nitawaeleza.

Nilikulia Kitale, kwenye lokesheni, mtaa uliotengewa Waafrika, miaka ile baada ya vita vikuu vya pili. Baba yangu, Wanyonyi, alikuwa Mbukusu wa upande wa Bungoma aliyefuata kazi mjini. Alibeba magunia kwenye maghala ya mahindi karibu na stesheni. Jioni alirudi nywele zikiwa nyeupe kwa vumbi, nasi watoto tukamcheka kwamba amezeeka tangu asubuhi. Mama alilima kipande cha nyuma ya nyumba na kuuza sukumawiki sokoni pamoja na rafiki yake, Mama Wangari, ambaye mume wake, seremala kutoka Nyeri, alikuwa amefungua kibanda hapo mjini. Mama hakujua Kikuyu na Mama Wangari hakujua Kibukusu. Urafiki wao wote ulikuwa kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika, na sijapata kuona watu wawili wakielewana zaidi.

Shule yetu ilikuwa ghala kuukuu. Nataka mlielewe hilo vizuri. Wakubwa wa mji walikuwa wakiweka mahindi mle zamani, mpaka mabati yakatoboka, kuta za udongo zikapasuka na fukusi wakaingia kila mahali. Wakaamua kwamba jengo halifai tena kwa mahindi. Ndipo wakatupatia sisi liwe shule.

Tulisoma humo tukiwa zaidi ya watoto mia, wadogo upande huu na wakubwa upande ule, katikati hakuna ukuta, mwalimu ni mmoja, Mwalimu Ezekieli, mtu mpole mwenye koti lililoshonwa viwiko. Mvua ikianza tuliinuka bila kuambiwa na kusogea pale pasipovuja, kama kuku. Fukusi waliobaki walituangukia kwenye nywele. Dirisha halikuwapo hata moja, maana mahindi hayahitaji kuona. Ubao ulisomeka tu mlango ukiwa wazi, na mlango ukiwa wazi baridi ya Mlima Elgon iliingia moja kwa moja mpaka kwenye magoti. Pamoja na hayo yote niliipenda ile shule. Nilijifunza kusoma mle, na mtoto aliyejifunza kusoma haulizi sana habari za paa.

Kule juu kwenye miti ya jakaranda palikuwa na shule ya watoto wa Wazungu. Vigae vyekundu, nyasi zilizokatwa, vioo. Tulikuwa tukienda kuitazama kupitia ua Jumapili, mpaka mlinzi atufukuze.

Msimu mmoja wa mvua ndefu, kipande cha ukuta kilianguka wakati wa mapumziko. Kilimwangukia Kamau, mtoto wa mwisho wa Mama Wangari, kikamvunja mguu. Nilisikia ule mvunjiko. Unafanana na kuni kavu.

Wazazi walikusanyika. Ofisa mmoja Mzungu wa mji alikuja na gari lake, akasimama nje ya mlango bila kuingia kwa sababu ya matope. Mwalimu Ezekieli alimweleza, kofia mkononi, kwamba jengo linahitaji ukarabati kabla halijaua mtu.

"Hapana pesa," yule ofisa akasema. "Serikali hapana lazimisha mtu. Kama wewe hapana taka hii shule, peleka mtoto shule ingine. Kila mzazi nachagua yeye mwenyewe."

Kuchagua! Lile neno alilitamka kama anatugawia peremende. Hebu tuone tulichokuwa tukichagua. Kulikuwa na shule ya misheni, mbali sana kwa miguu ya mtoto, na mzazi asiye wa dhehebu lile alitakiwa kwanza abadilishe dini. Kulikuwa na shule moja kwenye shamba la Mzungu, lakini ile ilikuwa ya watoto wa vibarua wake tu, na wakati wa kuchuma pareto ilifungwa ili watoto nao wachume. Na kulikuwa na ile ya vigae vyekundu. Hiyo hakuitaja.

Usiku ule baba na mama walibishana. Baba alitaka nipelekwe Bungoma kwa nyanya, nisome huko kwenye shule ya misheni.

"Huko angalau kuna ukuta," akasema.

"Naliaka akienda, wa jirani ataenda wapi?" mama akauliza. "Mama Wangari amtume Kamau Nyeri na mguu umevunjika? Kila mtu akichagua chake, hii shule itakufa, na waliobaki ni wale hawana pa kwenda."

"Mimi sikuzaa watoto wa lokesheni yote."

"Basi lala," mama akasema. "Kesho mimi naenda kuchimba udongo."

Akaenda kweli. Walianza yeye na Mama Wangari peke yao, na kufikia mwisho wa juma walikuwa wanawake wa lokesheni nzima: Wabukusu, Wakikuyu, Wateso, na mama mmoja wa Kisabaoti aliyeteremka na punda wake kutoka kwa ndugu zake upande wa Kapsokwony. Walibeba udongo wa kichuguu kwa karai, mchanga wa mtoni kwa madebe, mavi ya ng'ombe kwa mikono. Sisi watoto tulikanyaga matope kwa miguu, tukiimba hesabu za mara mbili, matope yakipanda katikati ya vidole, ya uvuguvugu, laini kama uji. Walikandika kuta mara ya kwanza, wakaacha zikauke, wakakandika tena. Halafu wakapaka chokaa. Seremala alitoboa madirisha sita na kuyatilia fremu na mbao za kufungua, na hakutaka malipo, kwa sababu ya Kamau. Baba naye, pamoja na ubishi wake, alipanda juu ya paa Jumapili mbili na kuziba matundu kwa vipande vya mabati na lami aliyoomba kwa watu wa barabara. Alishuka mweusi kama sufuria. Mama akamtazama tu, akacheka.

Jumatatu tuliingia. Mwanga ulikuwa umejaa. Nilikuwa sijawahi kuona uso wa Mwalimu Ezekieli ukiwa mzima, nusu yake siku zote ilikuwa gizani. Nikagundua ana kovu dogo kidevuni. Kutoka dawati langu niliuona mlima, na nilifikiri, kwa akili ya mtoto, kwamba mama ndiye aliyeuleta pale.

Yule ofisa alirudi. Safari hii aliingia. Aligonga ukuta kwa fimbo yake, akatazama paa, akafungua dirisha na kulifunga.

"Kazi mzuri sana," akasema. "Mzuri kabisa."

Mama alikuwa mlangoni. Alifurahi, nami nilifurahi kwamba amefurahi. Nikikumbuka lile tabasamu lake, mpaka leo damu inachemka.

Mwaka ule mahindi yalikubali kupita kiasi. Malori na magari ya ng'ombe yalipanga mstari mpaka nje ya mji, maghala yakajaa, magunia yakapangwa wazi kando ya reli chini ya turubai. Jioni moja baba alirudi, akaketi bila kunawa. Chakula kilipoa mbele yake.

"Wanachukua ile nyumba," akasema.

"Nyumba gani?" mama akauliza.

"Shule. Wanasema ilikuwa ghala, na sasa imekuwa kavu, inafaa tena. Jumatatu tunaanza kupanga magunia. Mimi ni mmoja wa wale wameambiwa wabebe."

"Na watoto?"

"Ati wazazi wachague shule zingine."

Mama alikuwa akichambua maharagwe, akaendelea kuchambua mpaka yakaisha.

Siku iliyofuata Mwalimu Ezekieli aliwaita wazazi. Aliwaomba wavumilie, akasema ni kwa muda tu, kwamba ataandika kwa wakubwa, kwamba tutasoma kwenye kibanda cha soko siku ambazo si za soko. Alisema kwa upole wake uleule, na kwa mara ya kwanza niliona upole wa mtu unaweza kuchukiza. Mama akasimama.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu. Lakini niulize kitu kimoja. Huu udongo ni wa nani?"

"Udongo gani, Mama Naliaka?"

"Ule uko kwa ukuta. Walipotupatia hii nyumba ilikuwa na matundu. Kama wanataka nyumba yao, si wachukue na matundu yake."

Jumamosi asubuhi, jua likiwa limetoka na watu wote wakiona, wanawake walewale walikuja na majembe. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga. Kipande cha chokaa kilianguka, kikavunjika miguuni pake.

Nilipiga kelele. Nilimrukia na kumshika leso. "Mayi! Mayi, usivunje shule!" Mayi ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Alinitoa mkono kwa nguvu, nikaanguka kwenye matope makavu. Hakunitazama. Alikuwa analia na kuchimba, makamasi yakimtiririka, na kila jembe likiingia alitoa sauti kama mtu anayejifungua. Mama Wangari alikuwa anayang'oa madirisha, moja baada ya jingine, akiyapanga chini kwa uangalifu kabisa, kama vyombo. Wanaume walisimama mbali wakisema, "Hawa wanawake wametuponza, bana."

Baba alifika. Nilimkimbilia nikamwambia amzuie mama. Alinishika kichwa, akatazama ule ukuta uliochunwa, akamtazama mama. Kisha akavua koti na kunipa nilishike, akapanda juu ya paa, akaanza kubandua viraka vyake. Alivitupa chini kimoja kimoja. Nilijua nimeshindwa.

Askari walikuja mchana. Mama na Mama Wangari walifungwa kwa kuharibu mali ya mji. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, mali ya mji. Baba alifukuzwa kazi, na kwa kuwa nyumba ya lokesheni ilikuwa ya mwenye kazi, tulifukuzwa na nyumba. Mama Wangari alipotoka jela, yeye na familia yake walirudishwa Nyeri, na hatukuonana nao tena.

Na ile shule? Subirini. Kabla hatujapanda lori la kwenda Bungoma, nilipita pale na baba. Waashi walikuwa kazini. Walikuwa wanakandika kuta kwa saruji. Mabati mapya yalikuwa yamepangwa nje, yaking'aa mpaka yanaumiza macho. Wiki moja haijapita! Zile pesa ambazo hazikuwapo Kamau alipovunjika mguu, zilipatikana mara tu mahindi yalipohitaji pa kulala. Baba alitema mate chini, akanishika mkono, tukaenda.

Bungoma nilipelekwa shule ya misheni karibu na kwa nyanya, ile baba aliyoitaka tangu mwanzo. Nilibatizwa haraka ili nikubaliwe. Ilikuwa na kuta, ndiyo. Nilisoma, nikafaulu, sina la kulalamikia hapo. Lakini wale wengine mia wa Kitale hawakuwa na nyanya Bungoma, na sijui hata mmoja wao alisoma wapi.

Mama alipotoka jela alikuja kwa miguu kutoka stesheni, amekonda, ngozi ya viganja imepasuka. Nyanya alipiga vigelegele. Mimi nilijificha nyuma ya nyumba. Kwa miezi mingi sikuongea naye ila akiniuliza. Siku moja alikuwa jikoni anasonga ugali, nikamwambia lile lililokuwa limenikaa kooni: "Uliniharibia shule yangu."

Hakuacha kusonga. "Ilikuwa imeshachukuliwa," akasema. "Ningeacha ule ukuta, kila ukipita ungeona kazi ya mama yako inafunika mahindi ya mtu. Mimi singeweza."

Sikumwelewa. Nilichukua sahani yangu nikala nje.

Kuna watu wa umri wangu huko Kitale wanaosimulia kisa hiki mpaka leo kama kichekesho, wale wanawake wajinga waliobomoa shule ya watoto wao wenyewe. Lakini nami nilisema hivyohivyo nikiwa mtoto, na nimekuja kujua kwa nini. Hasira yangu ilikuwa ya kweli na ilitafuta mahali pa kwenda. Yule ofisa alikuwa kwenye gari. Wenye mahindi sikuwahi hata kuwaona sura. Wote walikuwa mbali, juu, hawafikiki na mtoto wa lokesheni. Mama alikuwa pale jikoni, karibu, mwiko mkononi, nami nikampa yeye yote.