Swala Twiga Aliposimama

Ka! Ka! Ka! Hivyo ndivyo mgongo wa ayeyo, bibi yangu, ulivyolia kila alipojinyoosha baada ya kusuka mikeka ya nyumba yetu ya kuhamahama. Leo sokoni nimenusa magome ya mgunga, yale tuliyokuwa tukiyatafuna mpaka yawe nyuzi, na mlio huo ukanirudia.

Mimi sikuwa na habari ya kujinyoosha. Nilisuka nimejikunja siku nzima, na asubuhi moja shingo ikagoma kuinuka. Niliona vidole vya miguu yangu tu.

"Kobe huyo!" dada yangu akacheka. "Kobe, umeangusha nini?"

Nikalia, nikidhani sitaiona mbingu tena.

Ayeyo hakuigusa shingo. Alinilaza ubavu, akaanza kunisugua samli mgongoni. Ghafla akanong'ona, "Wallahi, mtazame yule."

Pale porini swala twiga alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, wima kama mtu, akila majani ya juu kabisa ya mgunga. Mashallah! Nilisahau hata kulia.

"Wewe unaangalia shingo," ayeyo akasema. "Angalia mgongo, abaayo, mpenzi wangu. Mgongo ukikubali, shingo inafuata yenyewe."

Jioni, wenzangu walipokwenda kufungia mbuzi, niliuendea mgunga ule peke yangu. Nikajinyoosha polepole, kiuno kwanza, kisha mabega, nikiuma meno kwa maumivu, hadi uso ukapanda. Nikachuma jani moja kwa midomo, katikati ya miiba.