Ini la Ndesanjo

Biashara zilipofunguliwa milango, Ndesanjo naye alifunguka. Duka lake la vipuri pale Kaloleni lilinenepa, na mwenyewe hakubaki nyuma. Watu walilisifu tumbo lake kama nyumba mpya. Basi daktari alipomwambia, mwaka 1998, kwamba ini lake limejaa mafuta, na kwamba asipopunguza uzito huenda likapata makovu, alijiona ameshitakiwa kwa neema zake.

Hata hivyo, alilivaa jambo hilo kwa shauku. Pikapu aliiacha nyumbani Moshono, akawa anakwenda dukani kwa miguu, akihema na kucheka. Soda, bia na chipsi akaziaga. Mkewe, Hedwiga, akampakulia ugali wa kiasi cha ngumi na mboga za majani nusu sahani.

"Ndesanjo, umekonda, au suruali ndiyo imekua?" Sakaya, jirani yake wa duka, alimtania.

Baada ya miezi mitatu alipanda mzani wa hospitali kifua mbele, Hedwiga kando yake. Kutoka kilo tisini na nane, alikuwa amepungua moja tu.

"Pombe umeacha?" daktari aliuliza.

"Kabisa, daktari!"

Hedwiga akakohoa. "Na mbege ya kila jioni?"

"Mama Aminiel, mbege nayo ni pombe? Ndizi na ulezi! Kile ni chakula."

"Ini lako halijui mila, baba," daktari alisema akicheka. "Kwalo, hiyo ni pombe."

Ndesanjo hakuwa amedanganya. Pengine kitu tulichokua nacho ndicho tunachokichunguza mwisho.

Jumapili iliyofuata, ukoo ulipokutana, kaka yake mkubwa, Elihuruma, alionja mbege, kisha akamkabidhi kata ileile, kama desturi ilivyotaka. Kuirudisha ni kumkataa aliyekupa. Ndesanjo aliipokea kwa mikono miwili, akaigusisha midomoni, akampa aliyefuata.

"Kaka, mimi nimepokea. Ini ndilo limekataa."

Elihuruma akaangua kicheko. "Basi lipeni ini maji!"

Miezi sita baadaye, mzani ulisoma themanini na tisa. Daktari akampaka ute tumboni, akampitishia kipimo, akatazama picha kwenye kioo cha mashine.

"Mafuta yamepungua sana. Makovu sioni."

"Rudia, daktari, mke wangu asikie!"

"Nimesikia!" Hedwiga alikuwa amekwisha kupiga vigelegele.

Ndesanjo akaruka kutoka kitandani, tumbo likimetameta kwa ute wa kipimo, akaufungua mlango awatangazie waliokuwa kwenye benchi.

"Shati kwanza, Baba Aminiel! Shati!"